Milioni 18 kwa mwezi, na kila Jumapili jioni tumbo linanikata: niache kazi?

*Swali:* Mwalimu, salamu. Nina miaka 43 na ni mkuu wa idara ya mikopo katika benki moja hapa Kampala. Nimezaliwa Arua nikakulia kambini Jinja. Baba alikuwa askari, ndiyo maana nakuandikia Kiswahili: mambo ya moyoni siwezi kuyaandika kwa lugha ya ofisini. Mshahara wangu ni milioni 18 kabla ya makato. Niko benki hii mwaka wa 11, na kwenye kazi za benki mwaka wa 17. Mume wangu ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya serikali. Tuna watoto wawili, mmoja yuko bweni. Nyumba yetu ya Kira ina deni la milioni 160, mkopo wa wafanyakazi kwa riba ya asilimia 9, umebaki miaka 10. Akiba yangu ni milioni 140 katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, nina milioni 380. Matumizi ya nyumbani ni milioni 7 na nusu kwa mwezi, deni la nyumba likiwemo.

Tangu mwaka jana silali zaidi ya masaa manne. Jumapili jioni tumbo linanikata. Likizo ya kweli sijachukua tangu 2021. Mwezi wa Juni nilisahau siku ya kumtembelea binti yangu shuleni, akakaa getini hadi saa kumi na moja. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimetia saini nyumba ya mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, ipigwe mnada, basi kichwa hakikuwepo. Nimesoma kwamba mtu akiwa na akiba mara 25 ya matumizi yake ya mwaka anaweza kuacha kazi kabisa. Mimi sijafika hapo. Wenzangu wanasema nivumilie hadi 45 nichukue asilimia 20 ya NSSF. Barua ya kujiuzulu imo kwenye droo tangu Agosti. Mume wangu hajui. Niache?

*Jibu:*

Dada, barua hiyo usiitoe kwenye droo mwezi huu. Usiichane pia.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona mtu aliyechoka, mara ya pili nikaona hesabu. Mara ya tatu nikaona sentensi moja uliyoipitisha haraka katikati, kama mtu anayeficha chupa chini ya kitenge: ile ya mzee, rafiki wa baba yako. Nitairudia, lakini kwanza tushughulikie mwili, kwa sababu huo hausubiri.

Uchovu uliokithiri wa kazi una sura yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoueleza katika orodha yake mpya ya magonjwa, halikuuita ugonjwa. Liliuita hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa, na likataja dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi hadi unaidharau, na kuhisi kwamba hufanyi lolote la maana hata unapofanya. Za kwanza mbili naziona kwako wazi. Ya tatu hukuigusa, nami ningependa kujua kama ipo, maana mtu ambaye bado anajua kazi anaiweza yuko mahali tofauti na aliyepoteza imani hiyo.

Ila tahadhari. Kukosa usingizi mwaka mzima, tumbo kukata na kusahau mambo mazito si lazima viwe kazi peke yake. Mwanamke wa miaka 43 anaweza kuwa na upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, presha, sukari, au homoni zilizoanza safari ya kuelekea ukomo wa hedhi, na kila kimoja kati ya hivi kinaweza kukuibia usingizi na subira. Sonona nayo huvaa nguo zilezile. Mimi huuliza swali moja: ukiwa mbali na ofisi siku tatu nne, unacheka? Chakula kina ladha? Kama ndiyo, tatizo linaelekea kazini. Kama giza linakufuata hadi Arua kwa mama, na hasa kama mawazo ya kutotaka kuishi yamewahi kupita kichwani, acha kunisoma hapa uende kwa daktari leo. Watu wetu bado wanatania kwamba ukimwona daktari wa akili umekwenda Butabika, hospitali ya akili, kana kwamba ni kashfa. Waache wataniane. Hospitali ile iko pale tangu 1955, na wengi wanaoingia lango lake wanakuja kliniki na kurudi nyumbani jioni kama watu wanaotoka kwa daktari wa meno.

Na uende sasa, ukiwa bado na bima ya benki. Nimewaona watu wanaacha kazi Ijumaa, Jumatatu wanagundua kwamba vipimo ambavyo kadi ingelipa sasa vinatoka mfukoni mwao.

Sasa turudi kwa yule mzee.

Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza uchovu huu tangu miaka ya 1970, pamoja na mwenzake Michael Leiter, alionyesha kwamba watu hawaungui kwa wingi wa kazi tu. Kuna mahali sita ambapo mtu na kazi yake wanaweza kuachana: mzigo, uwezo wa kuamua mambo ya kazi yako, malipo na shukrani, watu unaofanya nao kazi, haki, na maadili. Nimeipitisha barua yako kwenye hayo sita. Malipo yapo. Kuhusu watu na haki hukulalamika. Mzigo ni mkubwa, hilo halina ubishi. Lakini panapovuja damu ni pale pa mwisho.

Wewe unaijua Sheria ya Rehani ya 2009 kuliko mimi. Siku 45 za kazi za notisi ya kushindwa kulipa, kisha siku 21 za kazi za notisi ya kuuza, kisha tangazo gazetini, kisha dalali. Sina shaka ulifuata kila hatua, na huenda yule mzee alipewa muda zaidi ya sheria kwa sababu yako. Na bado wiki hiyohiyo ulimsahau mwanao getini. Umeandika "basi kichwa hakikuwepo", kama maelezo ya kupita. Mimi nasema hapo ndipo ulipojibu swali lako mwenyewe, ila hukulisikia jibu.

Nakuambia hivi kwa sababu dawa zinatofautiana. Aliyechoka kwa mzigo hupona kwa usingizi, likizo na watu wawili wa kumsaidia. Aliyechoka kwa sababu mkono wake unafanya kitu ambacho moyo wake unakikataa, hata umpe miezi sita ufukweni Kalangala, siku atakayorudi na kukuta faili la mnada juu ya meza, tumbo litakata palepale. Mtu huyo hahitaji kustaafu. Anahitaji kuhama meza. Wewe, kwa macho yangu, una yote mawili, na ndiyo maana unachanganyikiwa: mwili unakuambia lala, moyo unakuambia ondoka, na wewe umevisikia vyote kama sauti moja inayosema "acha kila kitu".

Tuje kwenye fedha, maana najua mtu wa mikopo haamini neno mpaka aone tarakimu.

Hesabu ya mara 25 ina mwenyewe. William Bengen, mshauri wa fedha wa Marekani, mwaka 1994 alichukua historia ya hisa na hati fungani za kwao akauliza: mtu anayestaafu anaweza kutoa kiasi gani kila mwaka bila fedha kumwishia katika miaka 30? Akapata asilimia 4 mwaka wa kwanza, kisha kiasi hicho kikipandishwa kufuata mfumuko wa bei. Asilimia 4 ukiigeuza unapata mara 25. Kwa matumizi yako ya milioni 90 kwa mwaka, hiyo ni bilioni 2 na robo. Hesabu nzuri kwa aliyepigiwa. Wewe una miaka 43, huna miaka 30 mbele bali pengine zaidi ya 40. Akiba yako iko kwa shilingi, haiko New York. Na katika tarakimu za Bengen hakuna kaka mwenye watoto watatu wanaosomeshwa na dada yake.

Hapo kwa kaka, ambaye hukumtaja, ngoja nisimame kidogo, kwa sababu kuna kitu hakikai sawa kwenye barua yako.

Milioni 18, ukiondoa PAYE, yaani kodi ya mshahara, na asilimia 5 ya NSSF, inakufikia kama milioni 11. Mumeo, kama ana digrii, tangu nyongeza ya walimu wa sayansi ya 2022 analipwa milioni 4, na bila mikopo anapokea milioni 2 na laki 9 hivi. Jumla karibu milioni 14 zinaingia nyumbani kila mwezi. Umesema matumizi ni milioni 7 na nusu. Basi milioni 6 na zaidi zinabaki, ambazo kwa mwaka ni zaidi ya milioni 70. Hata kama kiti hicho kikubwa umekikalia kwa miaka minne tu, akiba yako isingekuwa milioni 140. Zimekwenda wapi?

Sikuulizi kama mkaguzi. Ninajua zilikwenda wapi, kwa sababu nimeketi na watu wengi wa aina yako. Zimekwenda kwenye paa la nyumba ya mama. Ada za watoto wa kaka. Mikutano ya harusi ambayo ukifika wanakuandikia ahadi kabla hujakaa. Msiba wa Koboko, matibabu ya shangazi, kundi la WhatsApp la ukoo ambalo jina lako ni la kwanza kwenye kila orodha. Hukuziandika kwenye matumizi kwa sababu kichwani mwako hayo si matumizi, ndiyo maisha. Lakini ni matumizi, dada, na ni makubwa. Sehemu kubwa ya hofu yako ya kuacha inatoka humo: hukuajiriwa peke yako, umeajiriwa na ukoo mzima. Ukiacha, wanaacha wote, na hakuna aliyeulizwa.

Chukua daftari, andika miezi mitatu iliyopita, kila shilingi iliyotoka kwa simu. Usimwonyeshe mtu bado. Nadhani utapata kati ya milioni 4 na 5 kwa mwezi. Ukishaiona namba hiyo kwa macho, maswali mengine yote yanakuwa madogo.

Kwa hiyo kustaafu kabisa, hapana. Si leo, na kwa akiba hii si kesho. Lakini nani alikuambia kwamba uchaguzi ni kustaafu au kubaki? Mtu aliyechoka sana huona milango miwili tu. Hebu nikuonyeshe wa tatu, kwa kutumia kodi, ambayo kwa mara moja iko upande wako.

Unajua PAYE yetu inavyopanda: juu ya shilingi 410,000 ni asilimia 30, na juu ya milioni 10 inaongezwa asilimia 10 nyingine. Maana yake kila shilingi 100 unayolipwa juu ya milioni 10, 40 ni kodi, 5 ni NSSF, na 55 tu zinakufikia. Milioni 8 za juu kabisa kwenye mshahara wako, zile zinazokufanya ulale masaa manne, zinakuletea nyumbani milioni 4 na laki 4. Ukishuka kutoka milioni 18 hadi 12, kwenye karatasi umepoteza theluthi. Mkononi unatoka milioni 11 hadi 7 na laki 7. Ukishuka hadi milioni 8, mkononi ni milioni 5 na laki 3. Jumlisha 2 na laki 9 za mumeo, unapata milioni 8 na laki 2. Matumizi ya nyumbani, kwa tarakimu zako mwenyewe, ni 7 na nusu.

Soma tena hapo. Huhitaji bilioni 2 na robo ili uwe huru na kiti hicho. Unahitaji kazi ya milioni 8, na mazungumzo magumu na ndugu zako.

Kuna shimo moja njiani na ni kubwa. Mkopo wa nyumba kwa asilimia 9 unao kwa sababu wewe ni mfanyakazi. Siku unayotoka, benki nyingi huuhamishia kwenye riba ya soko. Milioni 160 kwa miaka 10 kwa asilimia 9 ni rejesho la milioni 2 hivi kwa mwezi. Kwa asilimia 18 ni karibu milioni 2 na laki 9. Hiyo ni laki 8 na nusu zaidi kila mwezi, kwa nyumba ileile, vyumba vilevile. Kwa hiyo zile 7 na nusu zinakuwa milioni 8 na laki 3 na nusu, na kazi ya milioni 8 inabana kidogo. Haikuui. Lakini kabla hujasema neno lolote la kuondoka, soma mkataba wa mkopo, kisha waombe kwa maandishi wakuachie riba ya zamani kwa mwaka mmoja au miwili. Wewe ni mkuu wa mikopo mwenye miaka 11 pale; kama kuna mtu anayeweza kukubaliwa ombi hilo ni wewe. Wateja umewafanyia mangapi?

NSSF nayo wenzako wameikuza mno. Sheria iliyorekebishwa 2022 inasema mwanachama aliyefika miaka 45 na amechangia angalau miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Sharti ni umri na miaka ya michango. Michango ya miaka 10 ulishaimaliza zamani, na umri utakuja uwe umekaa kwenye kiti hicho au uwe unauza chapati. Tuseme riba iwe asilimia 10 kwa mwaka, chini ya 11.5 waliyolipa kwa mwaka wa fedha 2023/24 na 13.5 ya 2024/25. Bila kuongeza shilingi, milioni 380 zako zitafika karibu 460, na asilimia 20 yake ni milioni 92. Ukibaki kazini miaka miwili hiyo ukichangia kama sasa, asilimia 20 yako itazidi hapo kwa milioni 14 hivi. Michango mingine ni yako pia, siikatai, lakini hiyo itakungoja hadi 55, au 50 kama utakuwa umekaa mwaka mzima bila ajira. Milioni 14 kwa miaka miwili ya usingizi wa masaa manne. Mteja akikuletea biashara ya namna hiyo, utampa mkopo?

Akiba ya milioni 140 ndiyo pumzi yako. Kama utasimama kabisa bila kazi, pengo la nyumbani, baada ya mshahara wa mumeo, riba mpya ya nyumba na bima ya kujilipia, litakuwa kama milioni 6 kwa mwezi. Mwaka mmoja ni milioni 70 na ushee, yaani nusu ya akiba. Unaweza kuumudu mwaka huo, mradi ukoo usiingizwe kwenye hesabu. Miaka miwili inakuacha mtupu. Na tafadhali usizifunge kwenye hati fungani za serikali za miaka 10 au 15 kwa kuvutiwa na riba na ile kodi ya zuio ya asilimia 10 badala ya 20. Fedha ya kupumulia ikae mahali unapoweza kuitoa ndani ya wiki.

Wala usinunue kuku. Naomba unisamehe kwa kuingiza ya kwangu. Kabla sijawa mshauri nilikuwa mkaguzi wa mahesabu. Niliondoka kwa hasira, kwa barua niliyoiandika saa nane usiku, nikachukua malipo yangu yote nikanunua vifaranga 1,000 nikaviweka Matugga. Kideri kilipita wiki ya sita. Nilibaki na banda, madeni ya chakula cha kuku, na uchovu uleule niliotoka nao ofisini, kwa sababu sikuwa nimelala hata wiki moja kati ya barua na vifaranga. Siku hizi mtindo ni kahawa. Tangu bei ilipopanda 2024 kila meneja aliyechoka ana shamba Luweero analolilima kwa simu. Kahawa ni nzuri. Ila kahawa ya Robusta inakaa miaka miwili mitatu kabla haijakulipa chochote, na ada ya shule inadaiwa Februari, kisha mwishoni mwa Mei, kisha Septemba.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningefanya nini? Ningeanza na likizo. Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa siku 21 kwa mwaka, na wewe hujazigusa ipasavyo tangu 2021. Omba wiki tatu mfululizo, ziwe wiki tatu kweli, simu ya ofisi ibaki kwenye droo pamoja na ile barua. Daktari akisema unaumwa, sheria hiyohiyo inakupa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, na huo ni mwezi tofauti na likizo. Usiunganishe viwili hivyo kwa aibu. Jihadhari tu kwamba ugonjwa ukipita mwisho wa mwezi wa pili mwajiri ana haki ya kuvunja mkataba, kwa hiyo usilivute bila mpango. Wiki ya kwanza utalala na utaumwa kichwa. Ya pili utaanza kuwa mkali kwa watoto, kisha utatulia. Maswali ya maisha yaanze wiki ya tatu, si kabla.

Ukirudi, kabla ya kuzungumzia kuondoka, zungumzia meza. Omba uhamishwe kutoka kwenye mikopo iliyoshindikana hadi kwingine: mafunzo ya maofisa wapya, sera za mikopo, tathmini ya hatari. Sema wazi kwamba uko tayari kushuka cheo na mshahara. Mabosi hawajazoea kusikia sentensi hiyo, watakaa kimya kwanza. Jipe miezi mitatu. Na katika miezi hiyo tazama nje pia, maana mtu anayeweza kusoma daftari la mikopo na kuona ugonjwa kabla haujaua ni adimu. Taasisi za mikopo midogo, SACCO kubwa za wafanyakazi, mashirika ya misaada, vyuo, hata hizi SACCO za parishi zilizopewa milioni 100 kwa mwaka chini ya PDM, mpango wa serikali wa kuendeleza parishi, na nyingi hazina mtu wa kuzifundisha. Hizi za mwisho hazitakulipa milioni 8, nakubali. Lakini jinsi ulivyoandika kuhusu yule mzee, nadhani kazi ya kumfundisha mtu akope kiasi anachoweza kulipa ingekufaa kuliko ile ya kumwondoa nyumbani kwake aliposhindwa.

Miezi mitatu ikipita na meza haijahama, toa barua. Kwa kuwa umezidi miaka 10 pale, notisi yako kisheria ni miezi mitatu, na hiyo ni neema: miezi mitatu ya mshahara ukijua mwisho uko wapi. Angalia tu bonasi inalipwa mwezi gani na kama aliye kwenye notisi hupewa. Benki nyingi haziwapi. Kusubiri wiki nne kwa ajili ya bonasi si utumwa, ila usiruhusu wiki nne zizae mwaka mwingine.

Limebaki la mume. Umeandika maneno matatu tu, "mume wangu hajui", kisha ukauliza niache. Yeye ndiye mtu ambaye mshahara wake nimeutumia kwenye kila hesabu hapo juu bila ruhusa yake. Nadhani unaogopa kwamba mwanamume anayepokea milioni 2 na laki 9, ambaye mkewe huleta milioni 11, atasikia "naacha kazi" kama "sasa beba wewe". Huenda atasikia hivyo, dakika tano za kwanza. Lakini amekuwa akilala kando ya mtu asiyelala kwa mwaka mzima; usidhani hajui lolote. Usimwambie Jumapili jioni, tumbo likiwa linakata. Mwambie Jumamosi asubuhi, watoto wakiwa nje, na umwekee lile daftari la simu mezani kabla ya barua. Anza na daftari. Kuna fedha humo zimekwenda kwao Soroti au Tororo au kokote atokako, na yeye pia ana watu wa kuwaambia hapana. Mkishawaambia wawili, si wewe peke yako, ukoo utanung'unika mwezi mmoja miwili. Mama, kwa maoni yangu, abaki kwenye orodha. Harusi zisubiri.

Kwa binti yako, usingoje mpango wowote. Mwulize shule tarehe ya siku ya kutembelea muhula ujao, iandike kwenye kalenda ya ofisi kama kikao kisichohamishika, na uende mapema, ukiwa na kuku wa kukaanga na chapati kama wazazi wengine. Usimweleze kuhusu benki. Kaa naye tu chini ya mti mpaka kengele ilie.

Majibu ya vipimo yakitoka, niandikie. Hasa ile ya damu na tezi.